Watu wa Rampura: somo kutoka kijiji kimoja cha India



Wengi wetu huku Kivu tumewahi kuwaona watu wa India. Kwa miaka mingi tuliwaona askari wao waliokuja na Umoja wa Mataifa, wakipita barabarani katika magari meupe. Lakini ni wachache wanaojua jinsi watu wa huko wanavyoishi nyumbani kwao. India ni nchi ya vijiji. Katika sensa ya mwaka 2011, kwa kila watu 100 wa India, karibu 69 walikuwa wanaishi vijijini.

Somo hili linahusu kijiji kimoja tu. Limeandikwa kwa ajili ya familia zilizohama na viongozi wanaoishi nazo kambini au katika familia zilizowapokea. Wengi wetu tunangojea siku ya kurudi. Siku hiyo tutaulizwa: kijiji chenu kilikuwa na nani? Shamba hili lilikuwa la nani? Nani alikuwa akikaa kwenye baraza na nani hakuitwa? Tusipojiandaa kujibu maswali hayo, tutarudi na ugomvi mpya juu ya ule wa zamani.

Someni somo kwa sauti katika kikundi. Simameni kidogo baada ya kila sehemu, ili wasiojua kusoma nao waweze kusema wanalofikiri.

1. Kijiji kilivyokuwa

Mwaka 1948, miezi michache baada ya India kupata uhuru, mwalimu mmoja aitwaye M. N. Srinivas alikwenda kukaa katika kijiji kimoja kusini mwa nchi, katika eneo la Mysore. Leo eneo hilo limo katika jimbo la Karnataka. Hakwenda kuhubiri wala kugawa msaada. Alikwenda kuishi na watu, kuwauliza na kuandika. Katika maandishi yake alikiita kijiji hicho Rampura. Hilo halikuwa jina lake la kweli. Alilificha ili watu waliomwamini wasije wakapata matatizo kwa sababu ya maneno yao.

Rampura kilikuwa na watu wapatao 1,500. Walilima mpunga katika mashamba yaliyopata maji, na ulezi katika mashamba ya mvua. Mtu akipita barabarani angesema: hawa wote ni wakulima, wote ni watu wamoja. Walisema lugha moja, isipokuwa wachache. Walivuna wakati mmoja. Mvua ikichelewa, wote waliteseka.

Lakini Srinivas alipohesabu nyumba kwa nyumba, alikuta kwamba watu hao 1,500 waligawanyika katika vikundi karibu ishirini. Vikundi hivyo huitwa jati kwa lugha za India. Wengine husema kasti. Tusichanganye kasti na kabila. Watu wa kasti mbalimbali wanaweza kuwa na lugha moja na nchi moja tangu zamani. Kinachowatenga ni kuzaliwa. Mtoto huzaliwa katika kasti ya wazazi wake na hawezi kuibadilisha. Kwa desturi, kasti ndiyo iliyoamua amwoe nani, ale na nani, afanye kazi gani, na akae juu au chini ya wengine.

Karibu nusu ya watu wa Rampura walikuwa Okkaliga, yaani kasti ya wakulima. Waliofuata kwa wingi ni kasti ya wachungaji wa kondoo, kisha Waislamu, kisha Holeya, ambao wengine walikataa hata kuguswa nao. Wengine wote walikuwa vikundi vidogo: makuhani wa hekalu, wahunzi, wafinyanzi, wafua nguo, vinyozi, wakamuaji wa mafuta, wasukaji wa vikapu, wachuuzi. Kikundi kingine kilikuwa na nyumba chache tu.

2. Nani alimhitaji nani

Watu wa namna nyingi hivyo waliwezaje kukaa pamoja? Jibu la kwanza ni kwamba hakuna aliyeweza kuishi peke yake.

Mkulima alikuwa na shamba, lakini hakuweza kutengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mhunzi aliweza kulitengeneza, lakini wengi wa kasti yake hawakuwa na shamba la kutosha. Mfua nguo alifua nguo za nyumba zile zile alizofulia baba yake. Kinyozi naye vivyo hivyo. Hawakulipwa fedha kila siku. Wakati wa mavuno kila mmoja alikwenda kwa wakulima wake akapewa fungu lake la mpunga na majani ya kulisha ng'ombe. Mwaka mzima ulikuwa deni, na mavuno yalikuwa siku ya kulipa.

Mapatano hayo yalirithiwa. Mtoto wa kinyozi alirithi nyumba za kunyoa, na mtoto wa mkulima alirithi kinyozi. Kwa hiyo ugomvi kati ya nyumba mbili haukuwa jambo la watu wawili. Ulivunja uzi uliofumwa na babu zao.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mara nyingi viongozi wa amani husema: «Tupendane, tuko ndugu.» Ni maneno mazuri. Lakini watu wa Rampura hawakungoja kupendana. Walikuwa na kazi iliyowalazimisha kukutana kila wiki, hata siku ambayo hawakupendana. Kwetu pia, soko, mto, kisima, josho la ng'ombe na kinu cha kusagia unga vimepatanisha watu ambao mikutano mikubwa haikuwapatanisha. Vita vinapokata njia ya soko, havikati biashara tu.

3. Nguvu ilitoka wapi

Kutegemeana hakumaanishi kuwa sawa. Srinivas aliona kwamba katika Rampura kikundi kimoja, Okkaliga, ndicho kilichoamua mambo mengi. Cha ajabu ni kwamba kwa mambo ya dini Okkaliga hawakuwa juu kabisa. Brahmin, kasti ya makuhani na wasomi, ndio waliohesabiwa kuwa watakatifu kuliko wote. Hata hivyo Brahmin wa Rampura walikuwa wachache, na mkubwa wa kijiji alikuwa Okkaliga.

Mwaka 1959 Srinivas alieleza kwa nini kikundi fulani hutawala kijiji. Alisema tutazame mambo kadhaa kwa pamoja:

- Wingi. Kikundi kina watu wangapi? Na zaidi, kina vijana wangapi wenye nguvu wanaoweza kusimama na fimbo siku ya ugomvi?
- Ardhi. Nani ana mashamba, hasa yale yenye maji? Asiye na shamba huomba kazi kwa mwenye shamba, naye hawezi kumpinga barazani.
- Heshima. Kikundi kinahesabiwa kuwa juu au chini machoni pa wengine?
- Elimu na kazi za serikali. Nani ana mtoto anayejua kuandika barua kwa mkubwa wa wilaya, au ndugu anayekaa ofisini?

Kikundi chenye mambo hayo yote hakihitaji kupiga kelele. Wengine wataangalia uso wake kabla ya kusema. Kiongozi wa amani anayefika kijijini na kuuliza tu «Kuna makabila gani hapa?» amejifunza kidogo sana. Aulize pia juu ya ardhi, vijana, na nani anayejulikana ofisini.

4. Baraza la wazee

Ugomvi ulipotokea Rampura, ulipelekwa kwa wazee. Walisikiliza pande zote mbili, wakauliza mashahidi, wakatoa faini au onyo. Wazee wa Okkaliga waliamua hata mashauri ya kasti nyingine. Lakini hawakutumia desturi za Okkaliga kwa kila mtu. Waliuliza desturi ya wenye shauri inasemaje. Watu hawakumpenda mtu aliyekimbilia mahakama ya mjini, kwa maana alikuwa anatoa siri ya kijiji nje.

Kijiji kilijua pia kusimama pamoja mbele ya watu wa nje. Srinivas anasimulia jinsi serikali ilivyotaka kupiga mnada haki ya kuvua samaki katika bwawa la kijiji. Watu waliona kwamba bwawa ni lao tangu babu zao. Hawakupigana na mtu. Wazee walihakikisha tu kwamba siku ya mnada hakuna anayejitokeza kununua.

Hapa tunaona uzuri na hatari ya baraza. Uzuri: lilikuwa karibu, halikuomba fedha nyingi, lilijua historia ya kila nyumba. Hatari: waliokaa kuamua ni wale wale wenye ardhi. Mfanyakazi aliyemshitaki tajiri wake alishitaki kwa nani? Kwa ndugu za tajiri. Na wanawake hawakuwa na kiti katika baraza hilo.

5. Waliokaa pembeni

Holeya walikuwa na mtaa wao, mbali na nyumba za wengine. Hawakuchota maji katika kisima cha wengine. Hawakuingia katika mahekalu ya kijiji. Kazi zilizoachwa kwa watu wa kasti kama yao zilikuwa zile ambazo wengine waliziona chafu, kama kuondoa mizoga ya ng'ombe. Walipiga ngoma kwenye sikukuu, lakini sikukuu yenyewe waliitazama kwa mbali. Wengi waliishi kwa kuwafanyia kazi wenye mashamba, na deni la baba liliweza kumfunga mtoto.

Kwa hiyo tukisema kwamba Rampura kilikuwa na amani, tuseme pia ni amani ya nani. Hakukuwa na vita. Lakini kulikuwa na watu ambao walinyamaza kwa sababu kusema kungewakosesha chakula. Kunyamaza kwao kulionekana kama amani kwa wale waliokuwa katikati ya kijiji.

Mwaka ule ule wa 1948, wakati India ilipokuwa inaandika katiba yake, viongozi walibishana juu ya jambo hili. Wengi walisifu kijiji kama moyo wa India, kama alivyofundisha Gandhi. Lakini B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba, alikataa sifa hizo. Yeye alizaliwa katika kasti iliyotengwa. Alikuwa amejua tangu utotoni maana ya kuwa na kiu mbele ya kisima ulichokatazwa. Kijiji ambacho wengine walikikumbuka kwa furaha, yeye alikikumbuka kama mahali pa dharau. Wote walisema juu ya vijiji vile vile.

6. Moto na kumbukumbu

Sehemu hii inatuhusu sana sisi tuliohama.

Srinivas alibeba maandishi yake juu ya Rampura kwa miaka mingi, akiyapanga ili aandike kitabu. Mwezi wa 4 mwaka 1970 alikuwa Marekani, katika kituo cha wasomi huko Stanford. Usiku mmoja watu waliwasha moto katika kituo hicho. Karatasi zake alizokuwa amezipanga ziliungua, nakala zote tatu. Kazi ya miaka karibu ishirini ikawa majivu.

Ndugu msomaji, wewe uliyeacha nyumba inawaka, unaelewa. Rafiki mmoja mwanachuo alimshauri: andika yale unayoyakumbuka. Naye akaandika. Kitabu kilitoka mwaka 1976 kwa jina la The Remembered Village, maana yake Kijiji Kinachokumbukwa. Mpaka leo ni kati ya vitabu vinavyojulikana zaidi juu ya kijiji cha India.

Lakini Srinivas alikuwa mtu mkweli. Alikiri kwamba yeye ni Brahmin, na kwamba alipokuwa Rampura alikaa karibu na wakubwa wa kijiji. Aliona mambo mengi kwa macho yao. Mtaa wa Holeya hakuujua kama alivyoujua mtaa wa wenye mashamba. Kumbukumbu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na upande wake.

Hapo ndipo penye somo letu. Kambini sisi sote tunabeba kijiji kichwani. Mzee anakumbuka mipaka ya mashamba. Mama anakumbuka kisima, njia ya kuni na nyumba ya mkunga. Kijana anakumbuka kiwanja cha mpira. Mtu aliyelima shamba la mwingine anakumbuka siku alizofukuzwa. Wakija watu wa mradi au wa serikali kuuliza, mara nyingi huulizwa mzee mmoja au wawili tu, na kijiji cha vichwani mwao kinaandikwa kana kwamba ndicho kijiji chote. Kinachobaki nje ya karatasi hiyo ndicho kitakachorudi kama ugomvi.

7. Yaliyobadilika

Katiba ya India ilianza kutumika mwaka 1950. Ilikataza kabisa desturi ya kumtenga mtu kuwa asiyeguswa. Mwaka 1976 sheria ilifuta utumwa wa deni. Tangu mwaka 1993, vijiji vingi vya India vina haki ya kuchagua mabaraza yao kwa kura kila baada ya miaka mitano. Katika mabaraza hayo, viti vingine vimewekwa kwa ajili ya kasti zilizotengwa, kulingana na wingi wao mahali hapo. Na angalau theluthi moja ya viti ni ya wanawake.

Tazameni mabadiliko hayo. Zamani, kuhesabu vijana wa kikundi kulikuwa kuhesabu fimbo. Sasa hesabu ya watu inaweza kumpa kiti barazani mtu ambaye baba yake alisimama nje.

Tusidanganyane: sheria haikumaliza kila kitu. Kuna mahali ambapo mwanamke amechaguliwa, lakini mume wake ndiye anayekaa kwenye kiti na kuamua. Kuna mahali ambapo waliotengwa bado wanakatazwa kisima. Na Wahindi wenyewe wanabishana juu ya kuhesabu. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa inayopangwa kwa mwaka 2027 itauliza kasti ya kila mtu, jambo ambalo halikufanyika kwa watu wote tangu 1931. Wengine wanasema: tusipohesabiwa hatutapata haki. Wengine wanaogopa kwamba kuhesabu kutazidisha mgawanyiko.

Sisi tunaelewa hofu hiyo. Congo haijafanya sensa tangu mwaka 1984, na huku kwetu orodha ya majina yenye kabila imewahi kuwa hatari kwa maisha ya watu. Kwa hiyo zoezi linalofuata lifanyike kwa akili na kwa usalama.

8. Zoezi: kuchora kijiji tulichokiacha

Zoezi hili huchukua saa mbili au tatu. Halihitaji karatasi.

1. Gawanyikeni katika vikundi vidogo: wanawake peke yao, wazee, vijana, na watu ambao hawakuwa na shamba lao au walikuja kijijini baadaye. Wale wa mwisho ni rahisi kusahauliwa. Watafuteni.
2. Kila kikundi kichore kijiji chini, kwenye udongo. Tumieni mawe kwa nyumba, majani kwa mashamba, fimbo kwa njia, na majivu kwa maji.
3. Onyesheni mahali ambapo watu walikutana na kuhitajiana: soko, kinu, kisima, kanisa, msikiti, shule.
4. Onyesheni pia mahali ambapo watu fulani hawakufika, au walifika kwa hofu.
5. Tembeeni wote pamoja mkitazama kila mchoro. Usimsahihishe mwenzako. Uliza tu: «Kwa nini ninyi mmeweka jiwe hapa, na sisi hatukuliweka?»
6. Msiandike majina na makabila. Mkimaliza, futeni michoro. Kinachotakiwa ni kwamba wote wamekwisha kuona.

Kiongozi wa zoezi asiwe chifu wala mtu mwenye shauri la ardhi kijijini hapo. Ugomvi ukianza kuwaka, simamisha, maji yanyweke, watu wapumzike. Mashauri makubwa ya mashamba yapelekwe kwenye kamati inayohusika. Zoezi hili halimpi mtu shamba wala halimnyang'anyi.

9. Maswali ya kujadiliana

- Katika kijiji chetu, nani alimhitaji nani? Vita vilikata uhusiano gani, na upi unaweza kuanza tena hata kabla ya kurudi?
- Kati ya wingi, ardhi, heshima na elimu, nini kilitoa nguvu kwetu? Je, kambini nguvu inatoka mahali pale pale, au imehama?
- Wazee wetu walipoamua mashauri, nani hakuweza kushinda hata akiwa na haki?
- Nani walikuwa «Holeya» wetu? Tufikirie Batwa na Wambuti, wajane, wageni, waliolima mashamba ya wengine.
- Katika kamati ya kambi yetu, mwanamke aliyechaguliwa anasema mwenyewe, au kuna anayesema kwa niaba yake?

Neno la mwisho

Rampura kiko mbali nasi, na watu wake wana desturi ambazo si zetu. Hatukukisoma ili tuwacheke wala tuwaige. Tulikisoma kwa sababu kijiji cha wengine ni rahisi kukitazama bila hasira. Tukishajifunza kuuliza kwao nani alikaa katikati na nani pembeni, tutakuwa na ujasiri wa kuuliza swali hilo nyumbani.

Moto unaweza kuunguza karatasi na nyumba. Kijiji kinabaki kwa watu wanaokikumbuka, na hakuna mmoja kati yao anayekikumbuka chote. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari ya kurudi, mwite yule ambaye hajaulizwa bado, mpe nafasi ya kukaa, umwambie: «Sasa tuambie wewe unavyokikumbuka.»